Dakika Kumi na Moja za Narva

Bi Leida amepiga simu tena kutoka Võru.
Hapazi sauti. Anasema tu:
"Mdogo wangu yupo. Nikibofya tena, hayupo.
Nikibofya mara ya tatu, huyo karudi
na kodiani yake kifuani,
na kabla sijavaa miwani kashatoweka.
Binti, mnacheza naye kibe?"

Ni gazeti la mwaka sitini na moja,
ukurasa mmoja kati ya milioni nne
tulizozipiga picha kabla karatasi haijawa unga.

Saa tisa usiku, Tartu. Theluji dirishani.
Seva tatu mbele yangu: Tartu, Pärnu, Narva.
Zote kijani.
Kijani hiki nakijua:
ni mgonjwa anayejibu "sijambo"
kwa sababu ndivyo salamu inavyojibiwa.

Nikaacha rangi, nikauliza hesabu.
Kipande cha saba, una kurasa ngapi?
Tartu: laki sita, elfu nne na kumi.
Pärnu: laki sita, elfu nne na kumi.
Narva: laki sita kasoro mia nane.

Urmas, simuni, anapiga mwayo:
"Wawili kwa mmoja. Mwongo ni Narva.
Futa nakala yake, nakili upya kutoka Tartu,
kalale."
Ndivyo tufanyavyo siku zote.
Ndivyo nilivyomfundisha mimi mwenyewe.
Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Lakini Bi Leida kasema mdogo wake yupo.
Yupo wapi?

Nikamwita kwa jina, seva moja moja.
Heino.
Tartu: hayupo.
Pärnu: hayupo.
Narva:
kijana, nywele zimelowa,
kodiani imefunguka nusu
kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Nikashuka kwenye logi, mstari kwa mstari,
hadi tarehe kumi na tisa Januari.
Katapila la wachimba bomba lilikata kebo karibu na Rakvere.
Dakika kumi na moja.
Narva ikaita Tartu. Kimya.
Ikaita Pärnu. Kimya.
Ikadhani imebaki peke yake duniani,
ikajivika ukuu,
ikaendelea kupokea kurasa kutoka skana zake
kama karani ambaye hakuambiwa ofisi imehama.
Kebo ilipoungwa, wale wawili wakahesabu kura,
wakasema: asiyekuwapo na lake halipo.
Kurasa mia tatu na kumi na mbili
zikabaki kule, hazina mama,
na hakuna aliyezikana waziwazi.

Nani aliiruhusu Narva ijitawaze?
Faili la mipangilio, mstari wa arobaini:
kura zinazotosha, moja.
Aliyeandika: mimi. Agosti, siku ya Ijumaa.
Nilikuwa na treni ya kuwahi.

Sikumwambia Urmas papo hapo.
Nilikunywa kwanza kahawa iliyopoa.

Kisha nikamwambia.
Akanyamaza, akacheka kidogo, akasema,
"Basi anza kuwatoa watu kabla hujabomoa nyumba."

Tukazitoa zote mia tatu na kumi na mbili,
tukaziandikisha Tartu, tukangoja Pärnu izipokee,
tukahesabu, tukahesabu tena.
Ndipo nikafuta nakala ya Narva
(mkono ulitetemeka, sitaficha)
na kuitazama ikijaa upya:
asilimia nane, thelathini, thelathini, thelathini,
nikaanza kuomba,
sitini na moja,
mia.
Mstari wa arobaini sasa unasema mbili.

Saa mbili asubuhi nikampigia Bi Leida.
Akabofya. Nikasikia kila mbofyo,
mara tisa, mara kumi, kama mtu anayejaribu kiti
kilichowahi kumwangusha.
"Sasa ametulia," akasema.
Akatafuta miwani. Nikangoja.
Akasoma maandishi chini ya picha, polepole, kwa sauti:
Heino, mashindano ya wilaya, nafasi ya pili.

Kimya kirefu kutoka Võru.

"Ya pili?" akasema.
"Nyumbani, miaka yote ile,
alituambia ya kwanza."