Ya Nne na ya Tano

Sanduku jekundu. Ndani, sifongo nyeusi
yenye matundu saba, matano yamejaa:
mbili, mbili na nusu, tatu, sita, nane.
Ya nne haipo. Ya tano haipo.
Ndivyo vitu vilivyo: kinachotumika ndicho kinachopotea,
na ile ya nane, ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji,
inang'aa kama mgeni aliyewahi mno arusini.

Spana yenyewe, ya kupimia mkazo, ni ya Lieven.
Aliniachia hiyo, na deni la paa, na baiskeli tatu.
Miaka thelathini nilifunga nyuzi kiwandani
kabla mitambo haijauzwa kwa kilo,
na mkono wangu unajua neno moja: kaza.
Kwa neno hilo nilipasua bomba la kiti la Jorinde mwezi wa tatu,
bomba la kaboni, jepesi kama mkate mkavu;
lililia kidogo tu,
kama mtu anayesafisha koo kanisani.
Yuro mia na arobaini.

Safari hii, nikasema, kwa kipimo.

Wannes wa duka la darajani, juu ya mto Skeldi,
akanitolea ya nne. Nzuri. Nzito mkononi.
Lakini tundu lake la nyuma ni tatu ya nane,
na spana yangu ina kichwa cha robo inchi.
"Kuna kiungo," akasema, akapekua droo mbili.
Kiungo juu ya spana, soketi juu ya kiungo,
vyote vikachezacheza kama jino la mtoto.
Nikamrudishia.
Akanipa ya tano yenye ncha ya mviringo:
hiyo huingia kiupandeupande, humsamehe mwenye mkono uliopinda,
ila huigusa bolti kwa nukta sita tu,
na kamba, Wannes, hukatikia pembamba.
Akacheka. Hakuwa na nyingine.

Sokoni Jumapili, chini ya turubai linalovuja,
seti nzima, yuro nne.
Nikaipima nyumbani kwa vernia:
ya nne ilikuwa tatu nukta tisa moja.
Tofauti ya unywele, mtasema.
Mimi nimekula kwa unywele. Uzi mmoja ukilegea,
mita mia za kitambaa hutoka na kovu,
na jina linaloitwa ofisini ni langu.

Kwa hiyo Alhamisi, mvua usoni, nikaendesha hadi kwa Romaan,
fundi wetu wa zamani, aliyekuwa akilala chini ya mitambo
na kuamka akijua inaumwa nini.
"Robo inchi?"
"Robo inchi."
"Ncha bapa?"
"Bapa, na ndefu. Waya za breki zinaniziba njia."
Akazitoa zote mbili kwenye soksi.
Akaandika daftarini: nne, tano, Godelieve, Jumatatu.
Sikutajiwa bei. Nilitajiwa siku.

Jorinde alishika taa. Nikaanza na usukani.
Ndani ya kila bolti kuna chumba cha pembe sita,
kama cha nyuki, chenye giza na mafuta kidogo;
ya nne ikaingia bila kuomba nafasi,
ikatulia.
Nikazungusha pete hadi tano, nikavuta polepole.
Mkono ukakutana na ubishi, ukafurahi, ukataka kuendelea.
Spana ikasema: tak.

"Hiyo tu?" akauliza. "Kaza kidogo basi,
kesho tunapanda mlima wa mawe."

Hiyo tu.
Nikabaki nimechuchumaa pale, goti likiuma,
nikiwaza jinsi Lieven alivyonyamaza miaka yote
mimi nikifunga mitungi ya jamu
ambayo ilibidi aipeleke kwa jirani ifunguliwe.

Jumatatu nitazirudisha kwenye soksi yake.
Sifongo itabaki na mashimo mawili,
na kando yake, kwa penseli, mwandiko wa kuinama,
4, 5,
kana kwamba kuna mtu angesahau.