Mtoto wa Meza

Ninavuta mtoto wa meza, jikoni, Zonguldak,
mvua imeshika paa tangu alfajiri.
Vinatoka: risiti, betri zilizokufa, kitana cha marehemu mama,
na inhela saba.
Saba, baba. Mtu ana mapafu mawili.

Hajibu. Kapanda ngazi mia mbili na kumi na mbili kutoka sokoni
na pumzi yake bado iko nyuma,
inapanda polepole, na mkongojo.
Anainua kidole: ngoja ifike.

Nazipanga mezani kama karata.
Mbili ni tupu. Natupa.
Mbili za buluu, rangi imechubuka kwa kukaa mfukoni:
kifua kikibana anabonyeza mara mbili, mara nne, mara sita,
na mirija inaachia kama ngumi iliyokunjuka.
Hizo anazipenda. Zinaitika zikiitwa.
Lakini hii ya kahawia, ya asubuhi na jioni,
kidirisha chake kinasema mia na kumi na nane
kati ya mia na ishirini.

"Niliivuta," anasema. "Haikunifanya kitu."

Jina lake Satılmış, Aliyeuzwa.
Bibi alishazika watoto watatu,
huyu akamwita hivyo ili mauti yadhani ana mwenyewe tayari.
Miaka ishirini na tisa akashuka chini ya mlima huu
na makaa ya mawe yakamlipa kwa vumbi.

Baba, kule shimoni,
nani alitangulia, waokoaji au waweka nguzo?
Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, kikohozi kinakaa.
"Waweka nguzo, Hacer. Ukingoja dari ilie umeshachelewa."
Basi buluu ni waokoaji.
Kahawia ni nguzo.
Nguzo huisikii ikifanya kazi.

Anaitazama muda mrefu. Chai yake inapoa.

Ecrin, miaka minane, kapanda juu ya kiti.
Ana pumu yake, inayokuja na paka na kuondoka na paka,
si kama hii ya babu, isiyohama tena.
Mikononi mwa mtoto kuna ufundi:
"Ya kopo, tikisa. Toa pumzi yote. Bonyeza huku ukivuta
taratibu, kama supu ya moto. Shikilia. Hesabu hadi kumi.
Mkono ukitetemeka, nitakuazima chupa yangu,"
na anaiweka mbele yake, ya plastiki, yenye kibandiko cha dubu,
dawa inasubiri humo ndani mpaka uwe tayari.

"Ya duara, ya unga, usiitikise!"
(Alikuwa akiitikisa kama njuga,
kisha anaipuliza kama anayepoza chai,
na unga ukiloa ndani kwa mvuke wake mwenyewe.)
"Geuza uso, toa pumzi pembeni, halafu vuta kwa nguvu, ghafla,
kama mwizi."
Haraka haina baraka,
isipokuwa kwa huu unga.

Ya mwisho inataka kidonge.
Anakitoboa, anavuta,
na kidonge kinanguruma ndani ya chumba chake kidogo.
Baba anaganda.
"Keekee," anasema.
"Keekee ya mbali. Handaki la tatu."
Anavuta tena, asikilize.

"Sasa sukutua mdomo," anaamuru Ecrin, "hata kama ulikuwa unaonyesha tu."
Mzee aliyeamrisha watu arobaini ndani ya giza
anainama kwenye sinki, anatema.
Kitana cha mama nakirudisha ndani.

Usiku nasikia chumbani kwake kitu kikitikiswa.
Mlio mdogo. Kimya, nami nahesabu naye: saba, nane, tisa.
Mlio mwingine.
Maji.
Siamki.

Asubuhi, kabla hajaomba chai, nachungulia kidirisha:
mia na kumi na sita.