Bomba la Magdeburgi

Maji hayapandi ghorofa ya nne.
Hilo kila mtu wa Kikwajuni analijua,
ila baba yangu, Vuai Mkadam, fundi bomba,
alilijua kwa Kijerumani.

Alikaa Magdeburgi miezi kumi na minane.
Akarudi na bisibisi saba,
koti zito ambalo nondo wa Unguja walilifaidi,
na mji mzima mdomoni.

Mji wa mto, alisema,
mto unaofanya barafu pembezoni
kama ukoko wa wali.
Wenyewe hawasemi sana.
Wanafua vyuma, wanakula viazi,
wanafika kazini kabla ya saa
na kukutazama kana kwamba wewe ndiye saa.

Mji ule umeungua mara mbili.
Kwanza kwa dini:
watu wa Mungu mmoja
wakigombania namna ya kumwomba.
Tena kwa ndege, usiku mmoja wa Januari.
Kanisa lao kubwa likabaki limesimama, limetobolewa.
Wakazoa kifusi, wakamimina zege,
ghorofa kama hizi, madirisha kama haya.

"Ndiyo maana hazina baraza,"
mama akasema, akichambua mchele.

Usiku, umeme ukikatika,
alitupa ile ya meya wao wa kale:
mabakuli mawili ya shaba, mdomo kwa mdomo,
hewa ya ndani ikanyonywa yote.
Farasi wanane huku, wanane kule,
wakavuta hadi povu.
Wapi!
"Nini kiliyashika, baba?"
"Hayakushikwa. Yalibanwa na hewa ya nje,
hii hii tunayovuta."
Na mama, gizani:
"Na maji je, Vuai?"

Nchi iliyompa cheti ilikufa kabla yake.
Cheti kiko ukutani bado,
muhuri wa serikali isiyokuwapo,
jina lake limekosewa herufi moja.
Hakutaka kirekebishwe.
Kwa nani?

Sasa ndoo nazipandisha mie.
Moja huku, moja kule,
ngazi sabini na mbili,
mabega yanataka kuachana
na hayaachani.
Kwenye ngazi ya hamsini napumzika,
napiga zege kofi, kama mtu apigavyo ng'ombe.
Limepasuka, lakini limo.

Leo alfajiri mfereji wa jikoni umekohoa.
Nikakimbilia beseni.
Ukatoa hewa.