Anayeimba Ameketi

Viwili viko mezani, Migosi, usiku wa Alhamisi:
kimoja cha fedha, kizito kama misale ya parokia,
kimoja cheusi, kidogo, ungedhani kiberiti
kilichonona.
Vyote vya kuazima. Jabuya wa dukani
amenipa hadi Jumamosi saa nne,
na jicho lake likaongeza: usivitie mkwaruzo.

Kazi yao ni moja. Wimbo umelala katika tarakimu,
moja na sifuri, sifuri na moja,
kama mchele uliomwagika gizani;
kigeuzi huokota punje kwa punje,
hupika, hupakua sauti.
Spika hazijui hesabu. Hula kilichopakuliwa.

Nimesoma karatasi za maelezo hadi macho yakaniwasha.
Biti ishirini na nne. Biti thelathini na mbili.
Kelele iliyo chini mno
hata popo asingeilalamikia,
na nyumba hii ina friji inayonguruma kuliko jirani,
ina stima inayopanda na kushuka kama homa.

Elfu arobaini na nane.
Elfu tisa na mia tano.
Hizo ndizo tarakimu ninazozisikia vizuri.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja.
Pima kwanza, niliwaambia wavulana, amini baadaye.
Basi nikasawazisha sauti,
maana kilicho juu kidogo hulihonga sikio.
Nikaweka kanda ya Yala, harusi ya mwaka sabini na nane,
ambayo fundi Makokha aliihamishia kwenye kompyuta:
nyatiti, pete ya chuma ya kidole cha mguu
ikigonga ubao, mtu anakohoa,
mtoto analia, mwanamke anamwambia: ling'!

Nikasikiliza cha fedha. Kizuri.
Nikasikiliza cheusi. Kizuri.
Nikarudia, nimefumba macho, nimekunja uso
kama mwonja chai wa Kericho,
na kati ya kizuri na kizuri
sikuona hata upenyo wa wembe.

Kutoka jikoni, mikono ndani ya omena,
Perpetua akasema:
Hiyo ya sasa, baba ameketi.
Ile nyingine ulimsimamisha.

Baba yake ndiye mpigaji.
Hakuwahi kupiga akiwa amesimama,
alikuwa na kigoda chake kifupi,
hakikaliwi na mtu, hata paka.

Sikujibu. Nikachomoa, nikachomeka, kimya.
Ameketi, akasema. Sawa.
Nikachomoa tena. Amesimama. Sawa.
Mara sita nilimjaribu, mara tano akapata,
na ya sita alikosea
au mimi nilichanganya waya, sina hakika.

Nikachukua kalamu, ugonjwa wa kazi:
bahati tupu, bila sikio lolote,
inaweza kufika hapo au kupita
mara saba katika sitini na nne.
Haitoshi. Mwanafunzi angeniandikia
hitimisho kwa ushahidi huo
ningempa sifuri, kwa wino mwekundu,
na ningemwita baada ya kipindi.

Jumamosi nikarudisha cha fedha.
Jabuya akakigeuza mwangani, akitafuta mkwaruzo.
Kwa nini hiki kidogo, mwalimu? Kile ndicho mfalme.
Bei, nikasema.
Ningemwambia nini? Kwamba kuna mtu aliyezikwa Yala
na mfalme wake anamnyima kigoda?

Sasa usiku taa ya kijani, ndogo kama jicho la mdudu,
inawaka kando ya redio ya zamani.
Bado sisikii tofauti. Nakiri hapa, si dukani.
Lakini kanda ikifika pale mtoto anapolia
na yule mwanamke anaposema ling'!
jikoni sufuria hukoma kugongana,
Perpetua, nyanya wa wajukuu wanne,
husimama na sahani mkononi,
ananyamaza,
mpaka wimbo uendelee.