Kifungu cha Tatu

Mara ya tatu ndiyo iliyoshika.
Hati ikaja kwa posta, bahasha ngumu,
mhuri wa rangi ya dhahabu, wino mzito:
Beldina Akoth Odak, Mshauri wa Mali Aliyeidhinishwa.

Ada ya mtihani nilikopa kwenye chama, Nyalenda,
riba asilimia kumi kwa mwezi,
mimi ninayelipwa kuwafundisha matajiri kuihofu riba.
Usiku umeme ulikatika bila kuaga.
Mwanangu akalala juu ya sura ya mirathi,
mate yake yakalowesha neno "mnufaika",
nami nikakariri kwa mwanga wa simu:
hatifungani, hisa, ustahimilivu wa hatari.

Swali la arobaini na saba.
Mteja ana miaka sabini na mmoja,
shilingi milioni mia mbili, na hana haraka.
Utamgawia vipi?

Nilimjua mteja huyo.
Anakaa mlimani Riat, lango jeusi, mbwa wawili.
Karatasi haikutaja malori yake kumi na manne
yaliyolala Miwani bila matairi,
wala kijana aliye Perth
anayepiga simu mwezi wa karo tu,
wala mke mwenza aliyezikwa
na kesi ya shamba ikabaki juu ya ardhi.
Nikachagua C.
C ilikuwa sahihi.

Jumanne nikapanda Riat, hati imo kwenye fremu,
kioo nimekipangusa kwa leso.
Chini, ghuba imefunikwa na magugu,
kijani kama shamba lisilo na mwenyewe.
Mama Truphena Osewe alikuwa akihesabu vidonge vya presha.
"Hongera," akasema. Fremu hakuigusa.
"Na kile kijitabu walichokupa nayo?"

Akavaa miwani.
Alisoma jinsi watu wanavyosoma mkataba wa ploti:
kidole chini ya mstari, midomo ikitembea.
Kifungu cha kwanza, akapita.
Cha pili, akapita.
Cha tatu akakipa sauti:
*Mshauri atamweleza mteja malipo yote
anayoyapokea kutoka kwa mtu mwingine.*

"Ule mfuko ulioniingiza mwaka juzi," akasema,
"wenyewe walikupa ngapi?"

Swali hili halikuwa na A, halikuwa na B.
Nje mashine ya nyasi ilizimwa ghafla,
kana kwamba hata bustani ilitaka kusikia.
Nikaliona paa la mama yangu kule Seme:
mabati mapya, rangi ya damu ya mzee,
fundi akigonga msumari wa mwisho huku akiimba.

"Laki nne na elfu themanini."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
Alivuta daftari, jalada jeusi, mgongo mwekundu,
kurasa za tangu lori la kwanza:
dizeli, tairi, chai ya askari wa mizani.
Akaandika jina langu
kwenye safu ambayo sikuweza kuiona.

"Tuliambiwa mali bila daftari hupotea bila habari,"
akasema, bado anaandika.
"Hatukuambiwa daftari akae nalo nani."

Kalamu ikafungwa.
"Umechelewa miaka miwili, Beldina, lakini umesema.
Rudi Ijumaa na hesabu ya yote,
hata ile unayodhani nimeisahau.
Hiyo fremu iache hapo kitini.
Ukutani tutaona."

Nikateremka.
Mamboleo, kabla ya mzunguko, nikaegesha gari,
nikapiga simu nyumbani.
Mvua ilikuwa imenyesha Seme usiku kucha.
Nikamuuliza mama kuhusu kuku, kuhusu goti,
kisha nikauliza kama paa linavuja.

"Halivuji hata tone," akasema.
"Kwa nini unauliza?"