Vitu vya Kuja Navyo

Ufagio wa chelewa mmoja.
Ndoo ya lita tano, yenye mfuniko.
Rimu ya karatasi.
Mundu mmoja wa kukatia nyasi.

Nyanzobe aliikunja fomu mara nne
akaificha ndani ya soksi isilowe.
Mvua ilipiga kutoka Nyakato hadi Mabatini,
na mwanangu akafika na karatasi kavu, vidole barafu.
Nilivipokea vidole kwanza.

Mundu. Nilicheka peke yangu jikoni.
Anao, mwalimu. Amezaliwa nao.
Anayo kwa maelfu, midogo, haishikiki,
inafyeka usiku ninyi mkiwa mmelala.

Nyuma ya karatasi kuna mstari wa vitone:
Je, mtoto ana ugonjwa wowote wa kudumu? Eleza.
Eleza. Kama askari kasimamisha gari.
Vitone nimevihesabu, arobaini na kimoja.
Selimundu ni herufi tisa. Zinaenea, na nafasi inabaki,
na nafasi hiyo inayobaki ndiyo ninayoiogopa:
humo wataandika wao.

Wataandika, huyu asicheze, akae.
Asiende ziara ya Saanane, asije akatufia njiani.
Watayatazama macho yake ya manjano
kisha watauliza, umetoka kwa nani?
Umetoka kwetu sote, nusu kwangu, nusu kwa Lufungulo;
daktari wa Bugando alichora duara nne, moja akalijaza wino.
Mama mkwe alisema kwao hakuna damu ya namna hiyo,
akamwaga maji ya kunawa karibu na miguu yangu.

Nisipoandika?
Mchakamchaka alfajiri, upepo ukitoka ziwani,
upepo uleule unaonikaushia dagaa mwaloni Kirumba.
Ataomba maji, ataambiwa subiri kengele.
Ataomba choo mara ya tatu, ataitwa mtoro.
Ataketi chini, na fimbo
haijui kutofautisha uvivu na mfupa unaolia.

Mwezi wa sita alilia hadi sauti ikaisha.
Lufungulo alimbeba kushuka mawe gizani,
kwetu huku bodaboda hazipandi,
na alipofika barabarani alikuwa peku.
Kandambili tulizikuta kesho yake, moja moja, mbalimbali.

Mama mmoja wa kliniki aliandika.
Mwanawe akapewa dawati la nyuma,
anaogopwa kama yai.
Mwingine hakuandika.
Huyo nilipomuuliza ikawaje
alifungua khanga akaifunga upya, akaifungua, akaifunga.

Basi nikamuuliza mwenyewe.
Nyanzobe, mwalimu ajue?
Alikuwa anamenya karanga, hakuinua kichwa.
"Ng'washi anajua."
Anajua nini?
"Kwamba damu yangu ina kona. Yeye akasema yake ina minyoo."
Ulimwambia lini?
"Zamani. Juzi."

Kumbe mimi nahesabu vitone,
siri imeshapata dawati,
imeshakula karanga za watu.

Nikachukua kalamu. Nikaandika:
Asinyimwe maji. Asinyimwe choo.
Siku ya baridi avae sweta, hata lisipokuwa la rangi ya shule.
Akisema mguu unauma, aaminiwe.
Vitone vikaisha. Nikaendelea pembeni,
maneno yakapanda ukingo wa karatasi
kama njia ya kwetu, kwa kujipenyeza.

Jina la ugonjwa sikuliandika.
Jumatatu nitalipeleka mdomoni,
nimtazame mwalimu usoni kwanza, nione anavyowaita watoto,
kama anawaita kwa majina au kwa kidole.
Huenda nikarudi nalo.

Asubuhi, soksi moja mguuni, moja mkononi:
"Mama, na mundu?"

Nikamwambia tutapeleka fagio mbili.