Kura ya Mfua Jezi

Mkutano uliitwa baada ya isha,
nyuma ya duka la vipuri la Swaleh Bahero, Majengo:
viti kumi na viwili vya plastiki,
kimoja mguu umefungwa kwa waya.
Hicho ndicho changu.
Nina kura kwa sababu klabu ina deni langu,
miezi mitano ya sabuni na maji ya mkokoteni;
wakaona ni rahisi kunipa kiti kuliko kunilipa.

Mwenyekiti Bahero hafungui kikao kwa nathari.
Alisimama, akakohoa, akatoa karatasi mfukoni:

    Saba mara tumeshindwa, subira ina mipaka,
    Timu ile ya kupendwa, leo imekuwa taka,
    Vijana hawakufundwa, uwanjani wazunguka,
    Kocha tumpe barua, kesho hapa asifika.

Wakapiga makofi. Nami nikapiga, vina vilikaa,
mizani ilitimia pande zote mbili.
Kisichotimia ni pointi.

Nisiwadanganye. Jumapili, pale Mbaraki,
bao la tatu lilipopita kati ya miguu ya Ruwa,
mimi niliyefua glavu zile kwa mikono hii
nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele, "Ndurya atoke!"
mpaka sauti ikanikauka;
Jumatatu nikauza viazi karai kwa kuashiria vidole.

Wasema subira yavuta heri.
Basi hiyo heri yetu imekwama wapi, Kibarani,
nyuma ya trela la makontena?
Tangu mfungo sita twaambiwa iko njiani.

Makocha watano kwa miaka minne.
Wa kwanza alituachia filimbi isiyolia.
Wa pili, aliyetoka Voi, deni la chapati kwa Mama Kadzo.
Wa tatu jina silikumbuki, nakumbuka koti,
koti, kwa joto hili.
Wa nne alikaa siku kumi na tisa,
na jezi ya mazoezi aliyopewa haijarudi hadi leo.
Kila mmoja tulimpokea kwa dafu,
tukamsindikiza kwa kifuu.

Mweka hazina asema fedha.
Msemaji wa mashabiki asema aibu,
watu wa Kisauni watucheka hadi darajani.
Mimi nina jambo dogo, hata naona haya kulisema.

Zamani jezi zilinijia ndani nje,
mikono imejikunja kama mtu aliyelala na ghadhabu,
soksi ya huyu ndani ya kaptula ya yule,
na maganda ya njugu, na tope la juma lililopita.
Tangu Ndurya aje, nafungua gunia
jezi zimegeuzwa, namba moja juu ya namba mbili,
soksi zimeshikana jozi jozi.
Tumefungwa nne bila: soksi jozi jozi.
Tumefungwa na timu inayoburura mkia, tena wako kumi:
jozi jozi.
Na juzi, ndani ya kaptula ya namba kumi na saba,
kijana asiyewahi hata kunisalimu,
kikaratasi: Shangazi, zipu ya begi imekatika, pole.

Je, hilo ni bao? Si bao.
Ligi haihesabu soksi.
Na nguo safi, najua, hata maiti huvishwa.

Bahero akasema: wanaotaka aende, mikono juu.
Sita.
Wanaotaka abaki.
Watano.
Macho yote yakaja kwenye kiti cha waya.

Nikawaambia nimeacha jezi kambani,
mawingu yametanda juu ya Makupa,
na mtu hapigi kura nguo za watu zikiwa nje.
Nikatoka.
Mpaka sasa wananingoja,
Bahero ametuma mtoto mara mbili,
nami nagusa ukosi wa kila jezi, mmoja mmoja.
Wa namba tisa bado una unyevu.